Wa Herufi na wa Mishale

Naanza na hili lisije likasahaulika: Katekista yuko hai. Nimepiga simu asubuhi ya leo kuuliza. Nalisema mapema kwa sababu kwetu ukiona mtu anaandikwa kurasa nyingi namna hii, ujue ameshafukiwa na watu wamekaa wanasubiri chakula. Yeye hajafukiwa. Na katika watu wote ninaowafahamu, huyu ndiye ambaye sina haki hata kidogo ya kumkosea kwenye suala la nani mzima na nani marehemu. Nilishamkosea mara moja, na nimekaa na jambo hilo miaka sita.

Jina lake silitaji. Hata zamani hatukulitumia. Alikuwa Katekista wa kigango chetu, juu kwenye miteremko ya Umatengo, mwendo wa saa mbili kwa miguu hadi Mbinga mjini kama huna mzigo wa kahawa kichwani. Kigango ni kanisa dogo ambalo padre hulifikia siku mojamoja. Siku zilizobaki lipo mikononi mwa katekista: anaongoza ibada, anafundisha watoto, anaombea wagonjwa, anazika. Wetu alikuwa na kazi moja zaidi ambayo haimo katika kitabu chochote cha dini. Alikuwa mwamuzi, mtangazaji na mlinzi wa gemu ya mpira.

Kompyuta yenyewe ililetwa na wageni pamoja na sola, ikawekwa kwenye ofisi ndogo ubavuni mwa kanisa, kwa ajili ya kuandikia waliobatizwa na waliofunga ndoa. Ndani yake, katikati ya mambo ya maana, kulikuwa na gemu ya mpira ambayo hakuna aliyejua imeingiaje. Nadhani mtoto wa mgeni aliisahau humo. Katekista alisema imeletwa, akafunga mjadala.

Nimecheza gemu za siku hizi kwenye simu za wenzangu. Jasho la mchezaji linaonekana, kamba za viatu zinaonekana, na mtu akiumia unamwonea huruma. Ile ya kwetu wachezaji wote walikuwa na sura moja, kama ndugu wa tumbo moja waliogombana wakagawana jezi. Watazamaji walikuwa picha bapa iliyobandikwa ukutani. Mvua ilinyesha bila kulowesha mtu. Kipa aliruka mpira ukiwa tayari umeshaingia, kama mtoto anayejitetea kibao kikiwa kimeshatua. Na bado nikisikia leo mlio wa feni ya kompyuta mbovu mahali popote, mate yananijaa mdomoni.

Sisi tulikuwa watoto kama thelathini na kompyuta ilikuwa moja. Kumpa kila mmoja zamu yake kungemaliza chaji ya sola kabla hata ya timu ya tatu, kwa hiyo Katekista alibuni utaratibu wake, na sijawahi kuuona kwingine. Kila timu ilichezwa na watoto wawili. Mmoja alikaa stuli ya kulia na kushika vitufe vya mishale. Huyo kazi yake ni kukimbia tu. Mwingine alikaa kushoto na kushika herufi tatu, A ya pasi, S ya krosi, D ya shuti. Wa mishale hana uwezo wa kupiga. Wa herufi hana uwezo wa kwenda popote. Timu ya pili ilishika vitufe vyake upande wa juu, viwiko vikigongana. Watoto wanne kwenye kibodi moja, na nyuma yao ishirini na sita wanapumulia shingo zao ugali wa mchana.

Ukitaka kujua tabia ya mtu, mweke mishale na wewe shika herufi. Utamjua kuliko mama yake.

Mimi nilikuwa mishale. Katekista aliniita hivyo hivyo, Mishale, hata kwenye mafundisho. "Mishale, sakramenti ziko ngapi?" Nikamjibu siku moja kwamba ziko saba uwanjani na nne benchi. Watoto walicheka mpaka mmoja akajikojolea. Katekista hakucheka wala hakunichapa. Hakuwahi kumchapa mtoto. Yeye alikuwa anakunyima shuti.

Kunyimwa shuti kulikuwa hivi. Siku hiyo anakaa mwenyewe stuli ya kushoto, anashika herufi zako. Unakimbia na mpira, unawapita mabeki wote, unafika mbele ya kipa, na yeye ameweka vidole juu ya kibodi na habonyezi. Unamwambia, "Katekista, piga." Habonyezi. Unanyang'anywa mpira. Unakwenda tena, unanyang'anywa tena. Dakika zote. Watoto nyuma yako wanazomea, wewe unatokwa na jasho, na yeye ametulia kama mtu anayesubiri padre. Mchezo unakwisha bila bila. Halafu anasema, "Kesho." Kwa sheria yake, waliotoka bila bila kwa adhabu ndio walioanza kesho yake. Mtoto mmoja aliyenyimwa hivyo aliuliza kwa kilio kama amefukuzwa. Katekista akamjibu, "Hujafukuzwa. Hujamaliza."

Kabla ya kugusa kibodi ilikuwa lazima unawe. Msimu wa kuchuma kahawa tulikuja na mikono inayonata kwa ule ute mtamu wa kahawa iliyotoka kumenywa, na mara moja herufi D iliganda ikawa timu nzima inapiga mashuti bila kuombwa. Tangu siku hiyo kulikuwa na ndoo mlangoni, na Katekista alisimama hapo akikagua mpaka kwenye viwiko. Baridi ya mwezi wa saba huko kwetu, ukungu umelala hadi mlangoni, maji yanauma kama yana meno, na hakuna aliyelalamika. Yeye pia alinawa. Akitoka kuzika, viatu vimejaa udongo mwekundu, alikuwa ananawa kwenye ndoo ileile, anafuta mikono kwenye suruali, anakaa.

"Umemzika nani, Katekista?"

"Bibi wa pale bondeni."

"Alikuwa mzito?"

"Kaa kwenye stuli, Mishale."

Sauti ya gemu aliizima siku ya kwanza. Mtangazaji wa humo alikuwa anasema Kizungu kwa haraka, na Katekista alidai mtu anayesema haraka hivyo ana jambo anaficha. Akawa anatangaza mwenyewe, kwa sauti yake ya litania, ile ya kuvuta mwisho wa kila mstari: mpira kwa namba sita, namba sita kwa namba nane, namba nane amepotezaaa. Na sisi, kwa mazoea ya kanisani, tukawa tunaitikia kwa pamoja: utuhurumie. Padre alipita siku moja ghafla akatukuta katikati ya kiitikio hicho. Alisimama mlangoni muda mrefu. Mwishowe akauliza nani anaongoza.

Alikuwa na mambo yanayopingana. Alikataza kuwekeana dau hata la ndizi, lakini timu aliyoishabikia ikizidiwa, ghafla aligundua kwamba sola inakaribia kuzima. Alinusa ugoro, na chafya yake ilikuja wakati wa penalti za wapinzani tu. Alisinzia katikati ya rozari kila mara na kuamka kwenye "Amina" sahihi. Alizika watu wa kila namna, hata mtoto wa siku mbili aliyemshika mwenyewe mkononi kama mkate, na hatukuwahi kuona uso wake ukibadilika. Lakini kuku akiingia ofisini alipanda juu ya stuli. Na mpira wenyewe, wa kupigwa kwa mguu nje kwenye vumbi, hakuupenda. Alisema ule una kelele.

Macho yake yalikuwa yanafifia. Herufi ndogo kwenye kikaratasi hakuziona tena, ingawa za kwenye skrini, ukizikuza, alizisoma vizuri. Hapa ndipo nilipoingia mimi.

Kila wiki watu walileta vikaratasi vyenye majina ya marehemu wao ili waombewe Jumapili. Ijumaa, mtoto mmoja aliyachapa kwenye kompyuta kwa herufi kubwa, na kama malipo alipata kipindi kimoja cha mchezo bila kupanga foleni. Mchapaji nilikuwa mimi. Jumamosi jioni Katekista alikaa mbele ya skrini na kuyanakili majina hayo kwa mkono, kwa herufi kubwa anazoziona, maana hatukuwa na mashine ya kuchapishia. Karatasi zilikuwa chache, kwa hiyo alitumia ileile aliyoandikia ratiba ya mechi za siku. Upande mmoja wachezaji, upande wa pili marehemu. Kila mtu kigangoni alijua hivyo, na kila mtu aliona ni jambo la kawaida.

Mwenzangu wa herufi alikuwa Osmundi. Tulicheza pamoja miaka miwili. Yeye alikuwa mkimya, vidole vyepesi. Nikifika tu mahali penyewe, shuti limeshatoka. Ijumaa hiyo aliniambia mbele ya watu wote kwamba amechoka na mishale inayokimbia ovyo, anahamia kwa mwingine. Wakacheka. Niliyezoea kuchekesha nikachekwa. Nikaingia ofisini kuchapa marehemu wa wiki, na baada ya jina la mwisho nikaongeza la Osmundi, jina kamili pamoja na ubini wake.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitaka lisomwe, watu wageuke, yeye aone haya. Nilitaka kicheko tu. Sina maelezo mengine.

Jumamosi Katekista alirudi jioni. Alikuwa amezika wawili siku hiyo, mmoja asubuhi na mmoja mchana, vilima viwili tofauti. Alinawa. Akaniona nimekaa peke yangu kwenye stuli ya kulia, pembeni hakuna mtu.

"Osmundi yuko wapi?"

"Amehama."

Akavuta stuli ya kushoto akaketi. "Leo herufi ni mimi," alisema. "Kimbia."

Tukacheza. Hakuninyima hata shuti moja. Tuliwafunga wapinzani mabao matano, na alitangaza kila bao kwa sauti ya Alfajiri ya Pasaka. Watoto walipoondoka aligeuza karatasi ya ratiba, akanyanyua kalamu, akaanza kunakili majina ya marehemu. Kidole kimoja kwenye skrini, mkono mwingine unaandika. Nilisimama nyuma yake. Nilimwona akishuka jina moja moja, amechoka, midomo inatetemeka kidogo kama ya mtu anayelala. Nilimwona akifika la mwisho. Nilimwona akiliandika.

Ningeweza kusema. Alikuwa ametoka kunipa mabao matano. Nilibana kicheko, nikamtakia usiku mwema.

Nilichokuwa sijui ni kwamba usiku huohuo Osmundi alishikwa na homa kali, akatapika, macho yakageuka. Baba yake alimfunga mgongoni kwa kanga wakaondoka na pikipiki kwenda hospitali mjini. Mama yake alibaki atafute wa kumwachia mtoto mchanga. Jumapili asubuhi akapita kanisani kwanza, kumwomba Katekista maombi, akasimama nyuma kusubiri nafasi. Ibada ilikuwa imefika kwenye kuwaombea marehemu.

Katekista akasoma. Akashuka majina yote. Akasoma la Osmundi.

Lazima mjue kwamba kwetu habari ya kifo hufika kwa Katekista kwanza. Mtu akifa hospitalini, simu inapigwa kwake, naye ndiye anayekuja mlangoni kwako. Kwa hiyo Mama Osmundi hakuhitaji kuuliza. Hakupiga hata kelele. Aligeuka akatoka, akashuka mbio kwenye njia ya mkato inayopita kati ya mashimo ya ngolo, yale tunayolimia mahindi kwenye mteremko, na huko akaanguka akavunjika mkono. Akainuka akaendelea, mkono unaning'inia, viatu ameviacha shimoni. Alipofika hospitali mjini alimkuta Osmundi amekaa kitandani anakunywa uji na kulalamika hauna sukari.

Mkono wake haukunyooka tena. Mpaka leo akibeba ndoo unaona kiwiko kinaangalia upande wake chenyewe.

Kanisani, Katekista alibaki ameishika ile karatasi. Aliigeuza akaona wachezaji. Akaigeuza tena akaona marehemu. Jina la Osmundi lilikuwa pande zote mbili, kwa mwandiko wake mwenyewe. Watu walikuwa wanatoka nje, wengine wanalia, wengine wanamfuata yule mama. Mimi nikapita mlango wa pembeni nikaingia ofisini, nikawasha kompyuta na kulifuta jina. Wazee wa kamati walipokuja na Katekista kutazama, skrini ilikuwa safi. Marehemu halali tu.

Akatazama skrini. Akatazama mkono wake wa kulia, ule wa kuandikia.

"Basi ni mimi," alisema.

Hilo ndilo nililomfanyia. Kama angefukuzwa kwa sababu ya gemu tu, ningesema ni ajali ya kazi. Kamati ilikaa, ikaamua kwamba mpira umemchanganya, kwamba mzee ameanza kuwachezesha waliokufa na kuwafukia wanaocheza. Kompyuta ilibebwa kwa machela, ileile ya kubebea wagonjwa, ikapelekwa kwenye stoo parokiani, na nimesikia kuku walitagia juu yake. Yeye alipewa nafasi ya kujitetea. Alisimama akasema tu, "Mna haki. Mtu asiyejua nani yuko hai asipewe kitabu." Akaketi, nao wakamwondoa kwenye kazi. Nilikuwa dirishani, nasikiliza.

Tangu siku hiyo hakutaja jina la mtu. Akiombwa kusali msibani alisema "huyu ndugu yetu," akiwa amekaa futi mbili kutoka kwenye jeneza lenye jina limeandikwa kwa rangi. Ukikutana naye njiani hakukusalimu mpaka umsalimu wewe. Na ukimtajia mtu yeyote, alikuwa anauliza kwanza, kwa sauti ya chini, bila utani wowote: "Huyo yuko hai?" Watoto wadogo walimfanya mchezo. Walikuwa wanamtajia mbuzi wao. "Katekista, shikamoo, Pembe anakusalimu." Naye anauliza, yuko hai?

Mimi sikumtajia mbuzi. Mimi nilikuwa napita njia nyingine.

Mwaka jana, akiwa shambani analima ngolo, upande wa kulia wa mwili wake ulizima. Walimkuta jioni. Binti yake, Dada Winfrida, ambaye anafundisha shule huko ziwani, alikuja kumchukua akampeleka Chiwanda.

Niliambiwa hali yake imeshuka nikiwa shuleni, kidato cha tano, bweni. Nikaenda kwa mwalimu wa zamu nikaomba ruhusa ya siku tatu kwenda kumzika bibi yangu. Bibi huyo nilishamzika kidato cha pili, na nikamzika tena kidato cha nne wakati wa mashindano. Ni mzima, anapalilia. Mwalimu alinipa pole na saini.

Mbinga mjini nilipitia kwa fundi mmoja wa simu, yule anayewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Kati ya makorokoro ya kompyuta yake alikuwa nayo gemu yetu, ileile, mvua kavu na kila kitu. Akaniwekea kwenye flashi. Kutoka hapo hadi stendi nilibebwa na bodaboda ambaye mji mzima unamwita Marehemu. Ni Osmundi.

"Unaenda wapi, mshkaji?"

"Chiwanda. Kwa Katekista."

Akaendesha mpaka tukapita soko. "Nasikia anaondoka."

"Ndivyo wanavyosema."

"Mwambie Marehemu anamsalimu." Akacheka mwenyewe. "Mzee wa watu. Aliniua bila kukusudia, mimi sina kinyongo naye. Mama ndiye bado, akikunja mkono anamkumbuka."

Nilikuwa nimeshika flashi mfukoni. Nikasema, "Marehemu, punguza mwendo, mimi bado nataka kuishi." Akacheka tena. Hivyo ndivyo nilivyotumia nafasi hiyo.

Chiwanda kuna joto ambalo mtu wa Umatengo halijui. Dagaa walikuwa wameanikwa uani kwa Dada Winfrida, nyavu nzima zinang'aa, na Katekista amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, ndani ya singlendi. Sikuwa nimewahi kuona mabega yake. Mkono wa kulia ulikuwa umelazwa pajani kama mkono wa mtu mwingine aliyeomba ushikwe kidogo.

"Shikamoo, Katekista."

Alinitazama, akamtazama binti yake. Mdomo ulikuwa unafunguka upande mmoja. "Huyu," alimuuliza, "yuko hai?"

"Yuko hai, Baba. Ni kijana wa kule kwetu. Amekuja kukuona."

"Marahaba," akaniambia.

Dada Winfrida alinieleza akiwa anasonga ugali wa muhogo, bila kupunguza sauti, kama watu wanavyowasema wagonjwa mbele yao. Vidonge anataka vihesabiwe mara tatu. Usiku anaamka kuuliza kama mkewe alikufa kweli au yeye ndiye alimsoma kimakosa. "Daktari anasema ni kiharusi," alisema. "Lakini hilo la kuuliza alikuwa nalo tangu zamani. Akili ilianza kumtoka kitambo, ile Jumapili. Hata yeye anajua."

Nilikula samaki bila kujua ni samaki gani. Jioni, kabla hajarudi jikoni, nikamwomba kompyuta yake ya kufanyia kazi za shule, nikaweka flashi, nikaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele ya kiti cha plastiki. Uwanja ukatokea. Wale ndugu wenye sura moja wakajipanga. Katekista aliinama mbele, taratibu. Halafu akainua mkono wa kushoto, mzima, akautazama, akamtazama binti yake.

"Maji," alisema.

Nikaleta beseni. Nikamnawisha mikono yote miwili, ule uliolala pia, mpaka kwenye viwiko. Nikanawa na mimi. Nikavuta stuli, nikakaa kulia. Yeye akaweka vidole vitatu kwenye A, S na D. Mungu alikuwa amemchukulia mkono ambao kwenye gemu hakuwahi kuutumia. Hilo niliona linachekesha, na kwa mara ya kwanza maishani nikabaki nalo.

"Mishale," alisema.

"Ndiyo, Katekista."

Tukacheza dhidi ya kompyuta. Kipindi cha kwanza alipiga yote niliyompelekea. Vidole vilichelewa, lakini vilijua. Moja liligonga mwamba, akatoa sauti, nusu ya ule mwimbo wa litania, na Dada Winfrida akatoka jikoni mwiko mkononi kuangalia kuna nini.

Mapumziko yalipofika nikamwambia. Nilimwambia nikiitazama skrini. Nikasema ile Jumapili jina la Osmundi nililichapa mimi, siku ya Ijumaa, kwa sababu alinihama. Wewe ulinakili kilichokuwepo. Nikalifuta wakati watu wanatoka. Hukukosea, Katekista. Kichwa chako hakikuwa na tatizo lolote. Ni mimi.

Dada Winfrida alikuwa amesimama mlangoni. Ugali uliokuwa kwenye mwiko ulidondoka chini, hakuokota.

 Pumzi ya Katekista ilikuwa inaingia na kutoka upande mmoja wa mdomo. Alitazama mkono wake wa kulia muda mrefu sana, kama mtu anayetazama mtoto aliyemfukuza nyumbani kwa kosa la mwingine. Kisha akarudisha vidole kwenye herufi.

Kipindi cha pili kikaanza. Nikakimbia. Nikapita wawili, nikapita wa tatu, nikafika mbele ya kipa. Hakubonyeza. Nikanyang'anywa. Nikaurudisha mpira, nikakimbia tena, nikafika. Vidole viko palepale juu ya D. Hakubonyeza. Mara ya tatu nikaelewa, na sikumwomba. Niliendelea kukimbia dakika zote zilizobaki, nikimpelekea mpira mpaka mlangoni kwa kipa na kunyang'anywa, jasho linaniingia machoni, nyuma yangu hakuna mtoto wa kunizomea.

Filimbi ikalia. Bila bila.

Katekista akageuka kwa shida, akamtazama binti yake. "Osmundi," alisema. Tulisubiri swali lake. "Osmundi yuko hai."

Hakuuliza. Dada Winfrida akafunika uso, mwiko ukiwa bado mkononi.

Halafu akanigeukia mimi. Sikuona huruma kwenye jicho lake, wala sikuitafuta. "Kesho," alisema.

Tiketi ya kurudi Mbinga ilikuwa mfukoni mwangu, gari la alfajiri, na shule ilinitaka jioni yake. Niliazima simu ya Dada Winfrida, nikatoka uani, nikasimama kati ya dagaa.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Mmeshazika?"

"Hatujazika, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyekufa."

"Bibi yako?"

"Yuko hai. Hata zile mara mbili hakufa."

"Sasa wewe uko wapi?"

"Chiwanda. Kuna mgonjwa, anataka nibaki kesho."

"Huyo mgonjwa ni nani wako?"

Ningeweza kusema babu. Lingekuwa jambo rahisi, na angenipa siku mbili.

"Yeye ni wa herufi," nikasema. "Mimi ni wa mishale."

"Kijana, unanitania?"

"Hapana, Mwalimu. Leo hapana."

Akaniambia nikirudi nirudi na mzazi. Ndiyo maana nipo nyumbani sasa, nimesimamishwa majuma mawili ambayo yanaisha leo, ninaandika. Na kesho kabla ya kurudi shuleni nitakwenda kwa Mama Osmundi, maana hilo nalo halijakwisha.

Asubuhi ile Chiwanda nilisikia gari la Mbinga likipiga honi mara tatu barabarani, likaondoka. Nikachota maji, nikanawa mpaka kwenye viwiko. Katekista alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti, mkono wa kushoto umelowa, unadondosha matone. Nikavuta stuli nikakaa kulia.